Ulimi wa Baba Yako

Kilindoni, Mafia

Mwanangu Nassor,

Amani ya Mwenyezi Mungu iwe nawe hapo utakaposoma, iwe ni ndani ya boti au umeshafika kwa ami yako Unguja. Nakuandikia alasiri hii nimekaa kwenye mkeka uani. Wewe umekwenda Juani kumuaga bibi yako, na huna namna ya kurudi mpaka maji yajae, kwa hiyo nimeona niutumie upweke huu. Baadaye nyumba itajaa shangazi zako, na kesho asubuhi sitaweza kusema kitu. Najijua.

Mambo ya safari nimeshayasema mpaka umechoka kuitika. Swala, nguo, kumwamkia ami Khamis kila asubuhi hata kama yeye anaamka amenuna, yote hayo unayo. Sitayarudia. Nataka tuzungumze lile neno ulilolisema siku ya hitima ya baba yako.

Ulikuja ukasimama kwenye mlango wa chumba cha wanawake, macho yamekuiva, ukaniambia mbele ya watu: "Mama, wewe ndiye uliyemnyima baba halua. Amekufa na hamu ya halua yake mwenyewe." Shangazi yako Zuhura akakushika mkono akakutoa nje. Mimi nilijifunika shuka. Ilipofika Idi ulikuja ukanibusu mkono ukaniomba radhi, nikakupa, na nilikupa kwa moyo. Lakini mimi ni mama yako. Niliona kwamba uliomba radhi kwa kulisema, si kwa kulidhani. Bado unalidhani. Na kesho unakwenda kuishi katika nyumba inayopika halua kutwa, na kila ukishika mwiko utalikumbuka. Siwezi kukuacha uende nalo hivyo.

Wewe unamkumbuka baba yako akiwa mgonjwa zaidi ya unavyomkumbuka mzima, kwa hiyo kuna mengi hukuyaona. Seif niliyeolewa naye alikuwa mtu mkubwa, mwenye shingo kama ya ng'ombe kwa kukoroga. Halua ya harusi zote za Kilindoni ilitoka kwake, na walioishi Chole na Juani waliivusha kwa mashua ikiwa bado ina joto. Alikuwa hapimi kitu. Anamwaga sukari, anamwaga wanga, anakoroga mpaka kanzu inamgandia mgongoni, kisha anachota kidogo kwa ncha ya mwiko, anapuliza, anaweka ulimini na kufumba macho. Ulimi wake ndio uliokuwa mzani. Akifumbua macho akasema "Bismillahi, ipueni," basi hakuna mtu aliyeuliza tena.

Nyumba yetu yote iliishi kwa utamu. Chai yake ilitiwa sukari mpaka kijiko kinasimama. Mgeni akija, halua. Wewe ulipozaliwa, halua. Tukigombana, alikuwa hasemi samahani. Alikuwa ananiletea kipande kwenye karatasi, bado kinatoa mvuke, na mimi nakipokea na ugomvi umekwisha. Ndivyo tulivyopendana. Nakueleza haya ili ujue kwamba sukari kwa baba yako haikuwa ulafi. Ilikuwa lugha yake.

Kisha tone la halua ya moto likamdondokea mguuni, na kile kidonda kikakataa kupona. Wakati huo alikuwa tayari anakunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani na anaamka kila saa kwenda haja, na sisi tukasema ni joto la jiko. Tulipokwenda hospitali wakatuambia ni kisukari, na kwamba kimekuwa naye muda mrefu. Dar wakamkata vidole viwili vya mguu. Ulikuwa unasoma darasa la sita. Unakumbuka alivyoshuka kwenye ndege anacheka ili usilie.

Hapo mimi nikaingiwa na wazimu. Unaijua sehemu hii, uliiona. Nilitupa sukari yote ya nyumbani siku moja. Nikawa nampikia ugali wa dona na mchicha wa kuchemsha usio na chumvi wala nazi, namwekea peke yake ndani, na sisi tunakula wali wetu uani. Alikuwa anakula kichwa chini kama mfungwa. Baada ya siku chache akaanza kupotea saa za jioni, nami nikaambiwa yuko barazani kwa muuza kahawa, anakula kashata. Nilijitanda khanga nikatoka. Nikamsimamia mbele ya wanaume wenzake nikasema, "Seif, unataka uniachie yatima?" Akaweka kikombe chini taratibu, akanyanyuka, akanitangulia nyumbani anachechemea. Hakunisemesha kwa siku nyingi. Na sukari yake ilipopimwa tena ilikuwa imepanda kuliko mwanzo, kwa sababu sasa alikuwa anakula kwa kujificha, na mtu anayejificha hali kidogo.

Aliyetuokoa ni Nesi Tumaini wa kliniki ya kisukari, yule mrefu aliyetoka bara, ambaye wewe ulikuwa unamwigiza anavyotembea. Nilikwenda kwake peke yangu kumshitakia mume wangu. Nikasema hasikii, mkaidi, anapenda tumbo lake kuliko watoto. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza, "Huo mchicha anaula na nani?"

Nikamwambia, "Peke yake. Chakula chake ni cha mgonjwa."

"Na halua maisha yake yote ameila na nani?"

Nikasema, "Na kila mtu."

Akasema, "Mama Nassor, kupenda chakula hakuamuliwi na ulimi peke yake. Ubongo ndio unaoshika kumbukumbu. Wa mumeo umejifunza tangu utotoni kwamba utamu ni harusi, ni wageni, ni mke wake amecheka. Sasa wewe unaufundisha kwamba mchicha ni jela. Unategemea uchague nini?"

Mwanangu, nimesikia mawaidha mengi katika maisha yangu, hakuna lililoniingia kama hilo. Nikamuuliza, kwani mtu mzima ubongo wake unafundishika? Akasema unafundishika mpaka uzeeni, lakini si kwa kuambiwa wala kwa kukaripiwa. Unajifunza kwa kurudia. Kupunguza kidogo kidogo, ulimi usione umeibiwa. Kula ukiwa na njaa ya kweli, kwa sababu kitu ulichokila una njaa ubongo unakiweka mahali pazuri. Kukila na watu unaowapenda. Na usipokipenda leo, onja tena siku nyingine, kidogo tu, bila ugomvi. "Utaona," akaniambia. "Baada ya wiki kadhaa kile alichokiona hakina ladha kitaanza kuwa na ladha. Lakini uache kumgombeza. Mtu akiwa na huzuni ubongo wake unakimbilia ulichokizoea."

Nilirudi nyumbani nikarudisha sukari kabatini. Baba yako alipoiona alinitazama kama mtu anayetegewa mtego. Nikawa namtilia ile chai yake aliyoizoea, ila kila baada ya siku kadhaa napunguza kidogo, na ninapopunguza sukari naongeza iliki na mdalasini, ili pua yake isikie harufu ya jiko lake. Tukaacha kula mbali mbali. Sinia likawa moja, nanyi watoto mkala alichokula baba yenu. Unakumbuka ulivyoikunjia uso bamia? Baba yako alikutazama akaangua kicheko, cha kwanza tangu aliporudi Dar, akasema, "Mwacheni, huyu ni mwanangu kweli." Naye akachukua tonge la bamia akalila huku anacheka. Mimi nilijifanya naokota kijiko, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Kulikuwa na siku alizosukuma sinia. Kulikuwa na siku alizokwenda kwa muuza kahawa, akarudi, na mimi nikamuuliza tu habari za huko. Lakini alizidi kuwahi kurudi kula nasi. Halafu kunde zikaanza kumwingia, zile za tui jepesi na kipande cha changu wa kuchoma. Akawa anauliza asubuhi, "Leo kunde?" Siku moja msimu wa machungwa nilimmenyea chungwa, akalifyonza, akasimama, akanitazama kwa ukali. "Saada, umelitia sukari chungwa hili?"

"Nitalitiaje sukari chungwa?"

Akala jingine. Akawa analigeuzageuza mkononi kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Alikuwa amekula machungwa miaka hamsini na hakuwahi kuyasikia. Nilipomsimulia Nesi Tumaini alipiga makofi pale pale kliniki.

Sasa nije kwenye lile ambalo sikulitarajia, wala nesi hakunionya.

Ilikuwa harusi ya binti wa jirani yetu Bi Mwanaidi. Baba yako alikuwa ameshapata nguvu, kidonda kimefunga, akarudi jikoni. Akapika kama siku zote, akachota kwa ncha ya mwiko, akapuliza, akaonja. Akakunja uso. Akaonja tena. Akasema sukari imezidi, itakuwa amekosea. Sufuria iliyofuata akapunguza. Watu wakala harusini, na kesho yake Bi Mwanaidi akaja kwa adabu zote, akakaa, akanywa maji, akasema, "Shemeji, usinielewe vibaya. Halua ya safari hii haikukolea."

Baba yako hakubisha. Alipika nyingine siku ile ile kumfidia, na ilipofika kuonja akasimama na mwiko mkononi muda mrefu. Kisha akakuita. Wewe ulikuwa unarudi shule, bado una begi mgongoni. "Nassor, njoo uonje." Ukaonja ukasema, "Bado baba, ongeza." Akaongeza. "Sasa?" Ukasema, "Hapo."

Tangu siku ile ukawa ulimi wa baba yako. Wewe ulifurahi, ulidhani anakufundisha kazi. Ni kweli alikuwa anakufundisha. Lakini siku ile ya kwanza alipoipua sufuria alipita nyuma ya nyumba akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akalia. Nilimfuata.

"Mikono inajua kila kitu, Saada," akaniambia. "Ulimi haujui tena. Nikionja naungua utamu tu, sisikii samli, sisikii kungumanga, sisikii chochote. Hii ni kazi ya baba yangu na babu yangu."

Nikamwambia, "Baba Nassor, umepona."

Akasema, "Najua." Akaendelea kulia.

Hapo nilijifunza kwamba kupata jambo jema kunaweza kuwa msiba. Mimi nilikuwa nimeshangilia kila kijiko kilichopungua, na sikuwahi kujiuliza yeye anapoteza nini. Kama ungeniuliza leo, ningefanya vile vile tena. Lakini ningekaa naye kwenye kile kinu muda mrefu zaidi. Siku ile nilimpa maneno mawili ya kumfariji nikarudi kuangalia chungu changu.

Alipata miaka mizuri. Alikuona ukimaliza kidato cha nne. Alikwenda Juani kwa bibi yako na kutembea kwa miguu yake mpaka kwenye magofu ya Kua kumwonyesha mdogo wako. Kisha figo zikachoka. Daktari alisema madhara yalikuwa yameshaingia zamani, kabla ya kile kidonda, na kwamba lishe ilimsogezea siku lakini haikuweza kufuta yaliyopita. Nilimkasirikia sana daktari yule kwa kusema kweli.

Sasa ile Idi ya mwisho ya baba yako.

Ulikuwa umepika halua yako ya kwanza peke yako tangu mwanzo mpaka mwisho, bila baba yako kusimama pembeni. Sisi ndani tulisikia mwiko unavyogonga sufuria. Baba yako alikuwa amelala ubavu, ameshakuwa mwepesi, akanishika mkono akasema, "Ataniletea."

Nikasema, "Akileta utaionja kidogo tu. Leo Idi, haitakudhuru."

Akatikisa kichwa. "Hujanielewa. Nikiiweka mdomoni nitakunja uso. Siwezi kujizuia, ulimi wangu umeshabadilika. Naye ataniona. Kijana kapika halua yake ya kwanza, amletee baba yake, baba yake akunje uso? Ichukue mlangoni, Saada. Mwambie umekataza wewe."

Nikamwambia atanichukia. Akasema, "Wewe utaishi, mtapatana. Mimi sina muda wa kupatana naye."

Basi ulipokuja na sahani umeifunika kwa kitambaa, nilikusimamisha mlangoni nikaipokea nikasema, "Baba yako hali vitu hivi, unataka kumuua?" Nilisema kwa ukali kwa sababu ningesema kwa upole ningelia. Nikakuona uso ulivyobadilika. Ukageuka ukaenda zako.

Ulipoondoka aliniambia nimpe sahani. Akaifunua. Akachukua kipande kidogo kama punje ya mtama akakiweka ulimini, na kweli akakunja uso mpaka macho yakafumba. Akakitema kwenye kitambaa. Lakini hakuirudisha. Akachukua kipande kingine akakivuta kwa vidole, akakitazama dhidi ya mwanga wa dirisha kinavyong'aa na jinsi samli ilivyochuruzika pembeni. Akakinusa muda mrefu. Akasema, "Imevutika. Samli imetoka yenyewe, hakuikimbiza kwa moto mkali. Iliki kaitia mwisho, kama nilivyomwambia." Kisha akasema, "Saada, huyu ni fundi. Si fundi mdogo." Akalala na ile sahani karibu ya kifua chake mpaka adhuhuri, harufu ikawa imejaa chumba kizima.

Alinikataza nisikwambie. Aliogopa utadhani halua yako ilimshinda. Nimetii mpaka leo, hata siku ya hitima nilitii. Lakini naona kama yeye mwenyewe angekuwepo, akakuona unaondoka na uzito ule, angenipa ruhusa. Hakufa na hamu, mwanangu. Hamu ile ilikuwa imeshamtoka miaka mingi nyuma, na aliililia ilipotoka. Alichokuwa nacho ni fahari yako, na hofu ya kukuvunja moyo.

Sikuzuii kwenda kupika halua. Ni kazi yenu, na baba yako ameshakupa cheo. Ila kuna jambo nimeliona tangu tulipomzika, na nimelinyamazia kwa sababu najua kukaripia kulinifikisha wapi. Watu wakiondoka, unakaa na sufuria tupu mapajani, unakwangua ukoko, unakula mpaka unamalizika. Siku zisizo za kupika unatafuta soda na biskuti. Zamani hukuwa hivyo, hata ulipokuwa unaonja kila siku. Mara ya kwanza nilidhani ni njaa. Kisha nikakutazama uso, nikaona huli. Unamtafuta mtu.

Ubongo wako umejifunza kwamba baba yako yumo mle. Na kweli yumo. Sitaki umtoe. Nataka tu uufundishe kwamba yumo na kwingine. Yumo kwenye chungwa. Yumo kwenye bamia uliyoikunjia uso. Huko Unguja zipo kunde, wapo samaki, na mke wa ami yako hatakukatalia jiko. Kula kwanza ushibe, na ule na watu, ndipo uingie kazini. Ukionja, onja kama fundi, kisha usukutue na maji uteme. Na siku huzuni ikikujia ukajikuta umekwangua sufuria, usijitukane. Kesho yake anza tena, kidogo. Mimi mwenyewe tangu afariki nimerudia chai ya sukari nyingi, nikajikuta, nikacheka peke yangu, na sasa naishusha tena taratibu kama nilivyomshushia yeye. Damu yako ni yake. Nimeshazika mmoja.

Barua hii nitaiweka kwenye mkoba wako chini ya nguo, na jioni ya leo sitakwambia kama ipo. Tutakula na shangazi zako, tutacheka. Ukishaisoma usinipigie kuniomba radhi tena, nitaanza kulia na wewe utalia, na simu itaisha salio. Ukinipigia, niambie tu umekula nini.

Mama yako anayekupenda mbele ya Mungu na watu,

Saada binti Salim